Kilingala cha Mama, Kikorea cha Binti: Je, Tunajidanganya?

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Morogoro, nina miaka 51, na tangu utotoni nimekuwa mpenzi wa nyimbo za Kilingala ingawa Kilingala chenyewe sikijui. Binti yangu wa miaka 16 hushinda akisikiliza nyimbo za Kikorea. Juzi nilimkemea kwamba anapoteza muda kuimba asichokielewa, naye akaniuliza kwa upole kabisa mimi ninaelewa nini katika Kilingala changu. Nilikosa jibu. Je, mtu anaweza kweli kufurahia muziki wa lugha asiyoijua, au tunajidanganya? Pia, mwezi ujao tuna harusi ya mdogo wangu wa kike, nami nimependekeza wimbo 'Mario' wa Franco, yule mwanamuziki wa Kongo, upigwe maharusi wanapoingia ukumbini. Kuna ubaya?"

Marahaba, dada yangu. Nianze kwa kukiri kwamba binti yako ana hoja, na hoja hiyo ingenihusu mimi pia, maana nilipiga gita la ridhimu katika bendi ya dansi kwa miaka sita nikiitikia viitikio vya Kilingala ambavyo maana yake niliijua baadaye sana, nilipokwisha kuacha bendi na kuanza kufundisha muziki. Jibu fupi ni kwamba katika kufurahia hamjidanganyi, si wewe wala yeye. Mnachoweza kujidanganya ni kudhani kwamba kwa kuwa mmefurahia, basi mmeelewa. Mambo haya mawili hukaa karibu mno hata mtu huyaona kuwa ni jambo moja, na kazi yangu hapa itakuwa kuyatenganisha.

Mwaka 2018 kundi la watafiti lililoongozwa na Samuel Mehr, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, lilichapisha matokeo ya jaribio ambalo napenda sana kulitaja darasani. Watu 750 kutoka nchi 60 walisikilizishwa vipande vya sekunde 14 vya nyimbo zilizorekodiwa katika jamii ndogondogo 86 za sehemu mbalimbali za dunia, kwa lugha ambazo hawakuzijua, kisha wakaulizwa kila wimbo ulikuwa wa nini. Nyimbo za kuchezea ngoma walizitambua, na bembelezi za watoto vilevile. Nyimbo za kuponyea wagonjwa walizikisia kwa kiasi fulani. Kundi lililowashinda ni lile ambalo mimi na wewe tungelidhani kuwa rahisi kuliko yote: nyimbo za mapenzi. Bila maneno, hawakuweza kuzitofautisha na nyingine.

Matokeo hayo yanagusa moja kwa moja hali yako. Sikio lako halikukosea lilipokwambia kwamba wimbo wa Kilingala ni wa kuchezwa, wala lilipokwambia kwamba mwimbaji ana simanzi au ana madaha, kwa sababu mwendo wa mapigo, kupanda na kushuka kwa sauti, na namna pumzi inavyokatwa ni habari ambazo hazihitaji kamusi. Lakini tunapokwenda mbele na kusema "huu ni wimbo wa mapenzi", tumeshatoka katika kusikia na kuingia katika kubuni. Ninavyokumbuka, sisi wa bendi tulizihesabu karibu nyimbo zote za Kilingala kuwa za mapenzi, kwa sababu tu sauti za waimbaji zilikuwa laini na neno "bolingo", yaani mapenzi, tulikuwa tumeshalikariri.

Kwa nini basi Kilingala, kati ya lugha zote za jirani, ndicho kilichoingia katika miguu yetu? Sababu moja imo katika umbo la wimbo wenyewe. Rumba ya Kongo iliyozoeleka huanza polepole, maneno yakitangulia na waimbaji wawili au watatu wakipokezana na kuitikiana, halafu hufika mahali ambapo mapigo hubadilika, hadithi hukatika, na magita huchukua nafasi: la solo likipiga juu, la ridhimu likishikilia chini, na katikati lile ambalo Wakongo huliita mi-solo, besi ikiyasukuma yote. Hapo ndipo kwenye sebene. Tangu miaka ya 1980, ambapo bendi ya Zaïko Langa Langa ya Kinshasa ilileta mtindo wa mtu wa kupiga makelele ya kuchangamsha, anayeitwa atalaku na ambaye bendi zetu humwita rapa, hata sauti ya binadamu katika sebene ilianza kutumika karibu kama manyanga. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wimbo wa Kilingala haimhitaji msikilizaji ajue Kilingala, na mgeni anapofika kwenye sebene anakuwa sawa na mwenyeji.

Sababu ya pili ni kwamba muziki huo wenyewe ulizaliwa na watu waliopenda nyimbo wasizozielewa. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV iliuza Afrika mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, nyingi zikiwa za muziki wa Kikuba, na mojawapo ya nyimbo za mwanzo kabisa katika mfululizo huo ulikuwa "El Manicero", wimbo wa mchuuzi wa karanga wa mitaa ya Havana. Vijana wa Léopoldville, mji ambao sasa ni Kinshasa, walizisikiliza santuri hizo na kuziigiza, wakiimba Kihispania ambacho mara nyingi hakikuwa Kihispania cha mtu yeyote, bali mfuatano wa sauti uliofanana nacho. Baadaye waliweka Kilingala mahali pale pale, juu ya mahadhi yale yale, na ndipo rumba ikawa yao. Mji wako wa Morogoro nao una ushahidi wake: Salum Abdallah, aliyefariki 1965, aliiita bendi yake Cuban Marimba, na sidhani kama katika wapenzi wake wa Morogoro walikuwapo wengi waliojua Kihispania.

Pwani tulikuwa tumeshaipita njia hiyo mapema zaidi. Kikundi cha Ikhwan Safaa cha Zanzibar, kilichoanzishwa 1905, kiliimba taarabu kwa Kiarabu kwa miaka mingi, hadi Siti binti Saad alipoifanya taarabu ya Kiswahili isikike kote, hasa baada ya kurekodi santuri Bombay mwaka 1928; na bado yeye mwenyewe aliimba pia kwa Kiarabu na Kihindi. Huko Mombasa, Juma Bhalo alijipatia jina kwa kuimba mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi, nyimbo ambazo watazamaji wa sinema za pwani walikuwa wakitoka nazo ukumbini wakiziimba mdomoni. Hao walisaidiwa kidogo na maneno yaliyofika kwa Wahindi na kwetu kutoka katika chemchemi ile ile ya Kiarabu, kama vile dunia, wakati, safari, mauti na subira, ambayo hujitokeza katika nyimbo hizo kwa matamshi yaliyopinda kidogo tu, kama sura ya ndugu wa mbali.

Hapa ndipo nataka nikae zaidi, kwa sababu wewe, dada yangu, unaposema hukijui Kilingala, unajipunja. Kilingala ni lugha ya Kibantu, na Mswahili anayekisikiliza amesimama kwenye mlango ulio wazi nusu. Tazama vitenzi: "nalingi" ni napenda, "olingi" ni unapenda, "alingi" ni anapenda, "tolingi" ni tunapenda, "balingi" ni wanapenda. Ukiziweka na-, o-, a-, to- na ba- kando ya ni-, u-, a-, tu- na wa- za kwetu, huhitaji mwalimu wa kukueleza nani anatenda. Mtu ni "moto" na watu ni "bato". Tatu ni "misato", tano ni "mitano". Moyo ni "motema", na waliozoea neno la zamani "mtima" watautambua mara moja. Ndege ni "ndeke", maji ni "mai", nyama ni nyama. Zaidi ya hayo, silabi za Kilingala kwa kawaida huishia kwa irabu kama zetu, na hiyo ndiyo sababu mtoto wa Kitanzania asiyejua neno hata moja anaweza kukiimba kiitikio cha Kilingala bila ulimi kukwama.

Lakini mlango ulio wazi nusu ndio unaomgonga mtu usoni. Ukisikia "mwasi" katika wimbo wa Kilingala, usidhani kuna maasi. Neno hilo maana yake ni mwanamke, na "mwasi na ngai" ni mke wangu. "Kolia" si kulia bali ni kula, na anayelia kwa Kilingala hutumia "kolela". "Mbongo" ni fedha wala haina uhusiano na akili. Neno "moto" lenyewe, ambalo nimekwambia ni mtu, linaweza pia kuwa kichwa au moto unaowaka, kwa kutegemea tuni, yaani sauti inavyopanda au kushuka katika silabi, na tuni ni kitu ambacho Kiswahili hakinacho na ambacho sikio letu halikufundishwa kukisikiliza. Neno ninalolipenda zaidi ni "lobi", ambalo ni jana na pia ni kesho. Kitenzi ndicho kinachoamua, kwa hiyo asiyekielewa kitenzi hajui kama mwimbaji anajuta au anaahidi.

Hatari kubwa kuliko zote ni kaneno kadogo "te". Kilingala hukanusha mwishoni. "Nayebi" ni najua, "nayebi te" ni sijui. "Nalingi yo" ni nakupenda, "nalingi yo te" ni sikupendi. Mswahili amezoea kuonywa mapema, maana ukanushi wetu hutangulia katika silabi ya kwanza ya kitenzi, na kwa hiyo anaposikia "nalingi yo" huyeyuka papo hapo na kuacha kusikiliza. Nina hakika wapo waliowatumia wachumba wao, katika kanda za kaseti za enzi zile, maneno ya kukataliwa wakidhani ni ya kubembeleza. Mimi binafsi nililiitikia neno la namna hiyo jukwaani kwa tabasamu pana.

Sasa tuje kwenye kile kinachopotea. Mwaka 1960 mwimbaji Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz walikuwa Brussels wakati wa mkutano wa wanasiasa wa Kongo na serikali ya Ubelgiji, na huko ukazaliwa "Indépendance Cha Cha". Afrika nzima iliucheza, na mahadhi yake yalitosha kueleza kwamba kuna furaha. Lakini ndani yake kuna orodha ya vyama na majina ya wanasiasa waliokaa mezani, kiasi kwamba Mkongo wa wakati ule aliusikiliza karibu kama taarifa ya habari. Sisi tulipata furaha, wao walipata furaha pamoja na habari. Vivyo hivyo, katika nyimbo za miaka ya karibuni utasikia jina la mtu likiimbwa kwa mahaba katikati ya ubeti, na msikilizaji wa Dar es Salaam hudhani ni mpenzi anayeliliwa, kumbe ni mfanyabiashara au mfadhili aliyelipia kutajwa. Wakongo huita jambo hilo kurusha "libanga", yaani jiwe, na wenyeji hawadanganyiki nalo hata kidogo.

Mara nyingine wimbo huondoka kabisa mikononi mwa maana yake. "Kasongo" wa Orchestra Super Mazembe, bendi ya Wakongo waliofanya makao yao Nairobi, ni wimbo wa miaka ya 1970 wenye sauti ya mke anayemwita mume wake arudi nyumbani. "Mobali na ngai", mume wangu, ndivyo anavyomwita. Mwishoni mwa 2024 wimbo huo ulifufuka Kenya na kuwa dongo la kisiasa, ukaimbwa na vijana ambao wengi wao hawakuwahi kumsikia yule mke ndani yake. Siwalaumu, kwa sababu wimbo ukishavuka mpaka hupata kazi mpya, na kazi hiyo mpya si ya uongo. Ninachosema ni kwamba ile kazi ya kwanza bado imo, na anayeijua anasikia nyimbo mbili kwa bei ya mmoja.

Kuhusu binti yako nitakuwa mwepesi zaidi, kwa kuwa Kikorea si uwanja wangu, ingawa jambo moja nataka ulitambue kabla hujamkemea tena. Inawezekana sana kwamba yeye anaelewa maneno ya nyimbo zake kuliko unavyoelewa wewe ya zako. Ninyi mlipata kaseti isiyokuwa na karatasi hata moja ndani. Yeye anapata video yenye tafsiri inayopita chini ya picha mstari kwa mstari, na wapenzi wa muziki huo ni hodari wa kutafsiriana na kubishana juu ya maana. Muulize, utashangaa. Ugumu wake ni wa aina nyingine, kwa sababu hana mlango ulio wazi nusu kama wako. Chukua neno ambalo bila shaka umeshalisikia likipigwa ndani ya nyumba, "saranghae". Hutafsiriwa nakupenda, lakini ndani yake hamna "na" wala "ku". Mpendaji na mpendwa wote hawatajwi, huachiwa mazingira. Mswahili, ambaye lugha yake humlazimisha kutaja nani na nani ndani ya neno moja, anapoimba neno hilo anaimba penzi lisilo na wenyewe, na sioni ajabu kwamba linamvutia msichana wa miaka 16.

Naye pia ana mitego yake. Wimbo wa kwanza wa Kikorea kuingia katika kila nyumba duniani ulikuwa "Gangnam Style" wa mwaka 2012, video ya kwanza kutazamwa mara bilioni moja katika YouTube. Watu waliona mtu mnene kidogo akicheza kama aliyepanda farasi, wakacheka na kucheza. Gangnam ni sehemu ya kitajiri ya jiji la Seoul, na wimbo unawakejeli wale wanaojifanya wa huko. Nusu ya kicheko ilikuwa ya wenyeji peke yao.

Mkitaka kusogea mbele kidogo, nawashauri msianze na tafsiri. Sikilizeni wimbo mmoja mara kadhaa kwa siku chache hadi mahadhi yatulie, kila mtu aandike anachodhani wimbo unasema, halafu ndipo mtafute maana. Nasema hivyo kwa sababu mahadhi hushika maneno. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh uliochapishwa 2013, watu wazima 60 walipewa dakika 15 za kujifunza misemo ya Kihungari, lugha wasiyoijua. Waliojifunza kwa kuimba walikumbuka vizuri zaidi ya waliojifunza kwa kutamka, hata kwa kutamka kwa kufuata mapigo. Kwa Kilingala usiitegemee sana programu ya simu, maana nyimbo za Kinshasa huchanganya Kifaransa, lugha ya mitaani na mafumbo, na mashine hutafsiri fumbo kama ilivyolikuta. Mtafute Mkongo, hasa mtu mzima. Ila usishangae akiwa ni wa Goma au Lubumbashi na akakwambia kwa Kiswahili safi kwamba sehemu fulani hata yeye haielewi, kwa sababu huko mashariki Kiswahili ndicho lugha ya watu, na Kilingala wengi wao walikipokea kwa njia ile ile uliyokipokea wewe: kwenye redio.

Limebaki suala la harusi. "Mario", ambao Franco aliutoa 1985, unamhusu kijana msomi, mwenye vyeti vyake, ambaye hafanyi kazi bali anaishi kwa mwanamke aliyemzidi umri na mwenye uwezo, akilishwa na kuvishwa na huyo huyo mwanamke, na bado anampiga. Lile neno "nalembi" mnaloliitikia kwa mikono juu maana yake ni nimechoka. Ni mwanamke anayesema amefika mwisho. Kwa ukumbi wa Morogoro sitarajii wengi watalijua hilo, na kama mnaupenda, upigeni usiku watu wakishakula, ambapo kila mtu anacheza anachokitaka. Kwa maharusi kuingia ningechagua mwingine. Na kama bwana harusi ni mdogo kwa umri kuliko bibi harusi, au bado anatafuta kazi, mwambie DJ auondoe kabisa kwenye orodha, maana haitakosekana meza moja yenye mgeni kutoka Kigoma anayekielewa Kilingala.